Je, Mama Mwenye Huzuni Amchekee Mtoto Wake?

Liko swali nililoulizwa na mama mmoja kijana wa usharika wetu, wala siku ile sikuweza kulijibu. Naliandika hapa kwa kuwa nadhani si lake peke yake.

Mumewe alifariki hali mtoto wao wa kwanza hajatimiza majuma 5. Baada ya maziko alikaa kwa mama mkwe wake, na mzee yule, kwa uchungu wa mwanawe, hakutaka sauti yo yote ya furaha isikike nyumbani mwake. Basi siku moja, mtoto akiwa katika juma lake la 7, aliliachia ziwa, akamtazama mamaye usoni, akatabasamu. Mama naye akatabasamu pasipo kujua. Mkwewe alikuwapo, akaona, akasema kwa upole, bila ukali wo wote, "Mwanangu, mtoto hajui msiba, wewe waujua." Neno lile lilimchoma. Tangu siku ile alikuwa akinyonyesha hali amegeuza uso. Alipokuja kwangu alisema, "Mwalimu, nikimchekea mwanangu najiona mwongo, maana moyoni sina kicheko. Nisipomchekea najiona mkatili. Lipi katika haya lililo dhambi?"

Nilimjibu haraka ya kwamba kicheko cha mtoto si neno la kuhangaikia, aende akamlee mwanawe kwa amani. Jibu lile lilikuwa la uvivu, naye aliondoka kama alivyokuja. Tangu hapo nimejitahidi kujifunza habari za kicheko cha watoto, chaanza lini na kwa sababu gani, na sasa naona ya kwamba mama yule aliona jambo ambalo mimi sikuliona.

Kwanza yafaa tujue mambo yalivyo. Mtoto mchanga hutabasamu tangu siku zake za kwanza, hasa akiwa usingizini, na wako wasemao kwamba anacheka na malaika. Lakini tabasamu lile si la kumjibu mtu. Midomo yavutika tu, kama vidole vyake vinavyokunjuka pasipo kukusudia. Kisha, yapata juma la 6 hata la 8, macho yake hushika uso wa mtu, akatabasamu kwa kuwa amemwona huyo mtu. Kicheko chenye sauti huja baadaye, kwa kawaida katika mwezi wa 3 au wa 4. Wengine hutangulia, wengine hukawia, na mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati wake yafaa ahesabiwe tangu siku aliyotazamiwa kuzaliwa, si tangu siku aliyozaliwa. Lakini mtoto wa miezi 3 asiyemtabasamia mtu awaye yote, au wa miezi 6 ambaye hajacheka bado, apelekwe kliniki, waangalie macho yake na masikio yake na kukua kwake. Jambo likijulikana mapema husaidiwa mapema.

Mtu mmoja aliyeliangalia jambo hili kwa makini ni Charles Darwin, yule mtaalamu wa viumbe wa Uingereza. Mwanawe wa kwanza, William, alizaliwa mwezi wa Desemba mwaka 1839, na baba aliandika aliyoyaona kwake, ingawa hakuyatangaza yote hata mwaka 1877. Asema mtoto alitabasamu tabasamu la kweli akiwa na siku 45. Alipokuwa na siku 110, walimtupia usoni nguo yake ndogo, kisha wakaiondoa ghafula, naye akafurahi mno. Vivyo hivyo baba alipoufunua uso wake mwenyewe ghafula na kumkaribia. Ndipo alipotoa sauti ndogo iliyokuwa mwanzo wa kicheko.

Mama zetu hawakumsoma Darwin, nao hufanya mchezo huu kila siku kwa ncha ya kanga. Lakini tuangalie vizuri ni nini kinachomchekesha mtoto hapo. Si kanga. Ni uso uliopotea ukarudi. Nguo ile ile ikikaa kitambo kirefu zaidi itamliza, kwa kuwa bado hajui kama uso usioonekana ungali upo. Basi kicheko chake cha kwanza ni kicheko cha mtu aliyeogopa kidogo, akaona hofu yake haikuwa na msingi. Jambo hili si dogo kwa mtu mwenye majuma 15 tu duniani.

Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, aliandika ya kwamba katika viumbe vyote mwanadamu peke yake ndiye achekaye. Siku hizi wataalamu wamesikia sokwe wakihema kwa sauti kama ya kicheko wanapotekenywa, basi neno lake halisimami lote. Hata hivyo hakuna aliyepata kumwona sokwe akigeuza uso asimchekee mwanawe kwa sababu ya heshima ya marehemu. Hilo ni letu wanadamu.

Nitasimulia sasa habari ya nyumba moja huko Marekani. Clarence Leuba alikuwa mwalimu wa elimu ya nafsi katika Antioch College, jimbo la Ohio. Katika miaka ya 1930 alitaka kujua kama mtoto hucheka akitekenywa kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa, au kwa kuwa amewaona wengine wakicheka akajifunza kwao. Basi akaweka amri nyumbani: mtu ye yote asicheke wakati wa kumtekenya mwanawe. Yeye mwenyewe alipomtekenya aliuficha uso wake nyuma ya karatasi ngumu yenye matundu membamba ya kuonea, asije mtoto akaona tabasamu. Mambo yaliendelea hivyo kwa miezi, mpaka siku moja mkewe alijisahau, akamrusharusha mtoto mikononi huku akicheka naye. Hata hivyo mtoto, alipofika miezi kama 7, alikuwa akicheka kila alipotekenywa, uso umefichwa usifichwe. Baadaye baba alifanya hivyo hivyo kwa binti yake, jambo likawa lile lile. Habari hizi alizitangaza mwaka 1941.

Elimu iliyopatikana ni ya kweli, nayo yafariji. Kicheko hakifundishwi kama kusoma. Ki ndani ya mtoto tayari. Watoto waliozaliwa vipofu hutabasamu waisikiapo sauti ya mama, na viziwi hucheka ingawa hawajasikia kicheko cha mtu. Kwa hiyo mzazi asiye mchekeshaji asione haya. Lakini mimi, kila niifikiripo habari hii, nafikiri zaidi juu ya yule mama. Wataalamu husema kwa masikitiko kidogo kwamba aliharibu jaribio. Labda. Alisahau amri, hakumsahau mtoto.

Je, mtoto asiyechekewa ameibiwa nini, ikiwa kicheko anacho mwenyewe? Mwaka 1978 Edward Tronick wa Marekani na wenzake walitangaza habari ya jaribio ambalo tangu hapo limerudiwa mara nyingi. Mama hucheza na mtoto wake kwa dakika chache kama desturi yake. Kisha hukaa mbele yake, uso umetulia tuli, asitabasamu, asiseme neno. Mtoto kwanza humtabasamia, kana kwamba anamwamsha. Hutoa sauti, huinua mikono. Asipojibiwa hugeuza uso, hurudi kumtazama kidogo, hugeuka tena. Na wengine hulia. Haya yote ni kwa dakika 2 au 3 tu. Tena iko hadithi ya kale zaidi. Salimbene, mtawa wa Kifransisko wa karne ya 13, aliandika ya kwamba Kaisari Frederick wa Pili aliamuru watoto wachanga walishwe na kuogeshwa na walezi wasiosema nao wala kucheza nao, ili ajue watasema lugha gani wenyewe. Nao wakafa wote kwa kukosa kupigiwa makofi na kuonyeshwa nyuso za furaha. Salimbene hakumpenda Kaisari yule, basi habari yake tuipokee kwa tahadhari. Lakini yaonekana hata wakati ule watu waliona kwamba uso wa furaha huhesabiwa pamoja na chakula.

Sasa nalirudia swali la mama yule. Je, ni uongo?

Uongo ni kumfanya mtu aliyekutegemea kwa ukweli aamini jambo lisilo kweli. Basi tujiulize, mama anapomchekea mtoto wa majuma 7, amemwambia nini? Hakumwambia, "Sina huzuni." Hakumwambia, "Baba yako yu hai." Mtoto hakuuliza mambo hayo. Ameuliza moja tu, nalo ni swali alilo nalo kila amkapo: "Upo?" Mama akitabasamu amejibu, "Nipo." Jibu hili ni kweli tupu, hata kama moyo unavuja damu. Uso uliogeuzwa ndio unaosema lisilo kweli, maana wamwambia mtoto, "Sipo," hali mama yupo, tena ampenda kuliko siku zote, kwa kuwa ndiye aliyebaki.

Lakini mtu atasema, hii ni hila ya maneno. Tabasamu ni alama ya furaha, na atoaye alama pasipo kitu chenyewe ametoa fedha bandia. Hoja hii naiheshimu. Namjibu kwa desturi yetu wenyewe. Mgeni abishapo hodi na kuuliza, "Hujambo?" mgonjwa hujibu, "Sijambo." Kisha, wakiisha kuketi, ndipo amwelezapo kwamba hakulala usiku kucha kwa homa. Hakuna amwitaye mgonjwa huyo mwongo. Kila mtu ajua ya kwamba "sijambo" ya kwanza si habari ya mwili. Ni mlango unaofunguliwa ili mgeni aingie, na habari za kweli zitafuata humo ndani. Tabasamu la mama kwa mtoto ni salamu ya namna hii. Siku itakuja ambapo mtoto atauliza, "Baba yuko wapi?" Siku hiyo mama atamwambia kweli yote, na pengine watalia pamoja. Lakini hawezi kumwambia kweli ile mtu ambaye hakupata kufunguliwa mlango.

Jina la Isaka, kama wengi wajuavyo, maana yake ni "anacheka". Mamaye Sara alicheka mara mbili: mara ya kwanza hemani, kicheko cha mwanamke aliyekata tamaa, na mara ya pili mtoto alipozaliwa. Jina moja lilibeba vyote viwili.

Na huyo mzee, mama mkwe, je, alikosa? Sipendi kumhukumu, maana aliyezika mwanawe hahitaji hukumu yangu. Lakini naona ya kuwa alisahau jambo ambalo babu zetu walilijua. Katika makabila mengi ya nchi yetu, kwenye msiba huja watani, nao huruhusiwa kufanya mzaha mbele ya wafiwa, hata kumwiga marehemu alivyotembea na alivyosema, mpaka waliaji wacheke huku machozi yakitiririka. Hakuna ahesabuye kwamba marehemu amevunjiwa heshima. Kama mtani aruhusiwa kuwachekesha watu wazima kando ya kaburi, je, mtoto wa majuma 7 akatazwe kumchekesha mamaye? Yeye ndiye mtani mkubwa kuliko wote.

Hapa sharti niseme neno la tahadhari. Wako wanawake ambao baada ya kuzaa, hata pasipo msiba wo wote, hushikwa na huzuni nzito isiyowaacha. Hawalali hata mtoto alalapo, hawamfurahii, na uso hautii hata wakiuamuru. Huo ni ugonjwa, wala si ubaya wa moyo. Kumwambia mtu huyo, "Mchekee mwanao," ni kumwambia kiwete akimbie. Apelekwe hospitali, atatibiwa. Na mtoto wakati huo achukuliwe na nyuso nyingine: shangazi, babu, dada wa miaka 8 arudipo shule. Mtoto hakuandikiwa kuchekewa na mtu mmoja tu. Mimi naona ni kosa letu la siku hizi, hasa mijini, kumfungia mama na mtoto katika chumba kimoja, kisha kumdai mama huyo peke yake furaha yote ambayo zamani ilitolewa na ua mzima.

Tena liko kosa la upande wa pili, la wazazi wapendao kicheko cha mtoto kupita kiasi. Mtoto akitekenywa hucheka hata kama hataki, kama mtu apigavyo chafya. Nimeona baba akimtekenya mtoto mbele ya wageni mpaka kicheko kikageuka kwikwi, baba asitambue. Na siku hizi kila mtu ana simu mkononi. Mtoto huchekeshwa mara kumi ili picha moja iwe nzuri, apelekewe shangazi aliye ng'ambo. Shangazi afurahi, ni vema. Lakini mtoto ageuzapo kichwa pembeni amesema, "Basi," nalo ndilo neno lake la kwanza, ingawa halina sauti. Mzazi anayelitii neno hili amemfundisha kwamba mwili wake ni wake. Asiyelitii amemfundisha kinyume. Kumrusha juu nako tuache kwa watoto wachanga, na kumtikisa mtoto kwa nguvu, iwe kwa mchezo au kwa hasira, kwaweza kumuumiza ubongo.

Kwa kweli, kumsaidia mtoto acheke hakuhitaji ufundi mwingi. Mtoto mchanga huona vizuri kwa umbali wa sentimita 20 hata 30, yaani toka ziwani hata usoni pa mama. Basi mtu amkaribie kadiri hiyo. Aseme polepole, kisha anyamaze, angoje. Kungoja ndiko kunakowashinda wengi, maana mtoto huchelewa kujibu, na mtu mzima hudhani hakuna jibu. Akitoa sauti, arudishiwe sauti ile ile. Mchezo mmoja ukirudiwa mara nyingi haumchoshi, bali humpendeza, kwa kuwa amekwisha kujua kinachokuja. Na kabla ya kutimiza mwaka, wengi wao huanza kugeuza mambo: akiona watu wamecheka kwa jambo alilolifanya, hulifanya tena, huku akiwatazama kama wanacheka. Hapo mwanafunzi amekuwa mwalimu.

Iko desturi moja ya mbali iliyonipendeza. Wanavajo, wakaao Arizona na New Mexico na Utah huko Marekani, hungoja kicheko cha kwanza cha mtoto kwa hamu kubwa. Mtu amchekeshaye mara ya kwanza ndiye aandaliaye jamaa karamu. Siku ile mtoto huhesabiwa kuwa mwenyeji: kila mgeni hupewa chakula na chembe za chumvi ya mawe, na mkono mdogo wa mtoto hushikwa ili yeye ndiye atoe. Wasema mtoto akianza hivi atakuwa mkarimu. Nami naangalia ni nani adaiwaye hapo. Sisi twadhani mwenye kumchekesha mtoto ametoa, na mtoto amepokea. Wao humhesabu mchekeshaji kuwa amepokea, ndiyo maana hulipa.

Majuma 3 baada ya lile jibu langu la uvivu nilikwenda nyumbani kwa mama yule, nikaketi uani, nikawaeleza haya ya "hujambo" na "sijambo", si kwa marefu kama hapa. Mkwewe alikuwa akichambua maharagwe. Hakusema neno, ila aliponisindikiza njiani aliniambia, "Mwalimu, mimi naogopa tukicheka tutamsahau." Nikamwambia kwamba mtoto ana macho ya babaye, nao hawatayaona macho yale wakimgeuzia uso. Akarudi nyumbani.

Mtoto alicheka kwa sauti katika mwezi wa 4. Mamaye ndiye aliyenisimulia, huku akifuta machozi kwa kanga na kucheka. Asubuhi ile bibi alikuwa akichekecha unga wa mahindi, mtoto amelazwa mkekani karibu naye. Vumbi la unga likampanda puani, akapiga chafya kubwa. Mtoto akashtuka, akamtazama, akaangua kicheko. Bibi akasimama na chekeche mkononi, akamwangalia mjukuu wake kwa kitambo. Kisha akapiga chafya tena.

Chafya ya kwanza ilikuwa ya unga. Ya pili, asema mama yule, haikuwa chafya.